Koti la Boila

Mgeni aliingia uani bila kubisha hodi. Hakuwa mtovu wa adabu. Upepo ndio uliomsukuma. Mgongoni alikuwa amebeba kitu kipana kama mlango, kimeviringishwa blanketi na kufungwa kwa kamba za katani, na kila upepo wa mlimani ulipopiga, kitu kile kilimpeleka kilikotaka chenyewe. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, akaufikia mgomba akaukumbatia kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipomwona Koleta amekaa kwenye kigoda akipepeta maharage.

"Hodi, dada," akasema akihema. "Hodi, jamani. Nisaidie kuushusha mzigo huu kabla haujanirudisha Same."

Koleta alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa aibu, kwa kuwa hakuwa amezoea bado kucheka na wageni katika ua wa wakwe zake. Alikuja akashika upande mmoja wa mzigo, wakausimamisha ukutani. Ulikuwa mzito, na ndani yake kitu kilitetema kwa sauti ya chini kama mtu anayeguna usingizini.

Alimkaribisha kigoda, akamletea maji, halafu makande ya jana aliyoyapasha moto. Mgeni alikula kwa shukrani bila kuficha njaa yake. Akasema anaitwa Yahaya, kwao Pangani, na ni fundi wa mashine katika shamba la mkonge lililo kule tambarare, nje kidogo ya Same. Sokoni ameambiwa kwamba mlimani huku yuko mhunzi mmoja, Mzee Eliufoo.

"Ni baba mkwe wangu," Koleta akasema. "Wameenda mazishini na Mama, ng'ambo ya ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba. Watarudi jioni."

Yahaya alilitazama jua. "Basi nitashuka nilale pale dukani kwa yule ndugu yangu Mwislamu, nirudi asubuhi. Lakini hili bati nakuachia, dada. Sina mgongo wa kupanda nalo mara ya pili. Mwambie Mzee ni mfano. Aliangalie tu, ataelewa."

Akaondoka akiteremka kwa wepesi, kama mtu aliyesamehewa deni.

Koleta alibaki na bati. Alilifungua blanketi ili lisipate unyevu, akalitazama. Lilikuwa bati nene, jeusi lenye ubuluu wa mbali. Alipolisogeza kidogo, ubuluu ule uligeuka kijivu, ukageuka kijani, ukapotea. Juu yake palikuwa na mafuta yaliyokauka na vumbi la katani. Alipitisha kidole, kikatoka cheusi.

Koleta alikuwa ameolewa katika nyumba ile tangu mavuno yaliyopita. Kwao ni Hedaru, kando ya barabara, kwenye malori na vibanda vya biashara. Na ni Mkatoliki, aliyeingia katika nyumba ya Walutheri. Mama mkwe wake, Ruthi, hakuwa mkali, ila alikuwa na namna yake ya kusema "watu wa Hedaru" kana kwamba anataja aina ya mahindi yasiyostawi mlimani. Mumewe, Danieli, alirudi bandarini Tanga baada ya harusi. Hivyo Koleta alikuwa akijifunza nyumba ile peke yake, desturi moja baada ya nyingine, na mojawapo ilikuwa hii: chombo cha mgeni kikilala kwenu, kiwe kibuyu, kiwe sufuria, hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kichafu. Mwanamke wa nyumba hukiosha bila kuambiwa.

Kwa hiyo alichota majivu, akachota mchanga laini wa mfereji, akakata kipande cha shina la mgomba, akapiga magoti.

Masizi yale yalikuwa ya ukaidi ajabu. Mafuta yalitoka upesi, lakini weusi uling'ang'ania kama ngozi. Koleta alisugua mpaka jasho likamwingia machoni. Akabadilisha shina la mgomba, akaongeza mchanga. Pole pole chuma cheupe kikaanza kujitokeza, kwanza pembeni, kisha katikati, na kila kilipojitokeza alipata nguvu mpya. Jua lilipofika kwenye kilele cha mlima, bati lote lilikuwa likimeta kama maji. Alilisuuza, akalipangusa kwa kanga yake kuukuu, akaliegemeza ukutani mahali ambapo mtu akiingia tu ataliona.

Wakwe zake walirudi wamechoka na kilio cha msibani. Ruthi alilipitia bati kwa jicho moja, akasema, "Leo umefanya kazi, mwanangu." Koleta alilala na neno hilo kama mtu aliyelala na zawadi mkononi.

*

Asubuhi kuku walikuwa wamekusanyika mbele ya bati, kila mmoja akigombana na kuku aliyemwona ndani yake. Mzee Eliufoo alikuwa amekaa mlangoni na bakuli la uji akiwatazama, akitabasamu, Yahaya alipofika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu uji."

"Ahsante, nimekunywa chai dukani." Yahaya alitazama huku na huku. "Dada, bati langu umeliweka wapi?"

"Si hilo hapo, fundi," Koleta akasema, na hakuweza kuzuia furaha isitoke usoni.

Yahaya alilitazama bati. Akamtazama Koleta. Akalisogelea, akawafukuza kuku kwa mguu, akachuchumaa. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, kama mtu anayempapasa mnyama mgonjwa. Alipotoa sauti, ilikuwa ndogo.

"Lile la rangi."

"Ndilo hilo. Lilikuwa na masizi mengi, nimelisugua..."

"Mama yangu wee," Yahaya akasema, akakaa chini palepale kwenye tope. "Yale hayakuwa masizi, dada. Ile ndiyo kazi yenyewe."

Hakupiga kelele. Labda angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alieleza akiwa bado amekaa chini, akimwambia zaidi Mzee Eliufoo. Pale shambani, alisema, kuna injini ya mvuke iliyoletwa na Mjerumani kabla ya vita vile vya kwanza. Boila lake limevishwa mabati ili joto lisitoke; wenyewe hapo shambani huyaita koti. Koti lile halikupakwa rangi kamwe. Rangi yake ni ngozi ya chuma chenyewe, na mvua yote ya miaka hii haijaliweza isipokuwa upande mmoja uliokaa palipovuja. Sasa Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye shamba, anataka injini ipelekwe kwenye maonyesho ya kilimo Same ikiwa kama siku iliyoteremshwa kwenye treni. Alimpa Yahaya bati moja zima, akamwambia: tafuta mtu awezaye kutengeneza mengine ya namna hii, lakini hili likipotea, na wewe potea.

"Ameenda Tanga," Yahaya akamaliza. "Akirudi Jumamosi akakuta hivi, sina kazi. Na kazi yangu ndiyo inayolisha watoto wangu Pangani, Mzee. Sina shamba mimi. Sina hata mgomba wa kuukumbatia."

Ruthi alikuwa ametoka jikoni, amesikia yote. "Umemchuna ng'ombe wa watu akiwa hai!" akamwambia Koleta. "Ee Bwana! Watu wa Hedaru mnaosha hata kisichooshwa!"

Koleta alisimama katikati ya ua na mikono yake iliyobabuka kwa majivu. Alitamani ardhi immeze. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa neno la mama mkwe. Kilikuwa kwamba Yahaya, alipoona machozi yake, alijaribu kumfariji.

"Si kosa lake, Mama. Mimi sikumwambia. Nilisema ataelewa Mzee, sikusema aelewe yeye."

Mzee Eliufoo aliweka bakuli chini. Akalijia bati, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mimi sijaliona," akasema. "Nilipita jioni, nikaona linameta, nikadhani ni bati jipya la dukani. Rangi yake ilikuwaje?"

Yahaya alikuna kichwa. "Nyeusi. Si nyeusi sana. Kama..."

"Kama shingo ya njiwa, Baba," Koleta akasema kwa sauti ya kukwama. "Yule wa kijivu. Akisimama ni kijivu, akigeuza shingo ni buluu, ni kijani. Lilikuwa hivyo."

Mzee Eliufoo alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Yahaya naye alikuwa na cha kuongeza. Zamani, mzee mmoja mchochea moto aliyefanya kazi na Wajerumani alimsimulia jinsi mabati yale yanavyotengenezwa huko kwao: hunyunyiziwa unga wa makaa ya mti, yakalazwa moja juu ya jingine, yakatiwa moto, yakapigwa nyundo yakiwa yamelala hivyo hivyo pamoja. Kisha la juu likalala chini na la chini likalala juu, yakapigwa tena. "Aliniambia ni kama watoto wengi kitanda kimoja. Kila mmoja lazima apate zamu ya katikati. Zaidi ya hapo sijui, Mzee. Na moto wake sijui."

"Mabati matupu unayo?"

"Nimepewa manne, yako dukani."

"Lete. Na hili tutalilaza nayo." Mzee alitazama lilipo banda lake la uhunzi nyuma ya nyumba. "Nyundo ninayo, makaa ninayo. Upepo ndio sina."

Ruthi alielewa kabla ya wengine. Mivukuto ya kupulizia moto katika banda lile ilikuwa ikivutwa na Danieli. Vijana wengine wa ukoo walikuwa wametawanyika, huyu kwenye mkonge, yule kwenye reli, na waliobaki walikuwa wazee wa kikohozi. Na mivukuto ile haikuvutwa na mtu yeyote tu. Ilikuwa ya ukoo, kama ilivyokuwa ile nyundo kubwa. Zebedayo, mkuu wa ukoo, ndiye aliyemkabidhi Eliufoo, naye ndiye mwenye haki ya kuichukua. Mtu wa nje hakuishika. Mwanamke hakulikanyaga banda hata siku ya mvua. Sembuse mke wa mwana: baba mkwe hufua chuma kifua wazi, na mkwe kumwona hivyo ni aibu isiyotajwa.

"Mimi ningevuta," Yahaya akasema, "lakini ruhusa yangu inaisha leo. Kesho nisipoonekana shambani nimejifukuza mwenyewe."

 Kuku walirudi kwenye bati.

"Baba," Koleta akasema akitazama chini. "Nitavuta mimi."

 Mzee Eliufoo alitazama mlima wa pili kama vile hakusikia, ndiyo adabu pekee aliyoweza kumpa. Ruthi aliingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku, akilifunga. Alipotoka alikuwa na kitambaa cheusi, kaniki nzito aliyotolewa kwao nayo siku ya ndoa yake, inayonuka karafuu kwa kukaa sandukani.

"Nimeishi nyumba hii mpaka meno yananitoka," akasema, "na sijui ndani ya banda lile kuna nini. Haya. Mtatundika hii katikati. Yeye huku na mivukuto, wewe kule na moto. Hakuna atakayemwona mwenzake. Na mimi nitakaa nje."

"Zebedayo akijua, Mama Danieli?" mzee akauliza.

"Zebedayo ana watoto Pangani?"

*

Yahaya aliacha mabati, akashuka. Kaniki ikatundikwa.

Koleta alikaa upande wake wa giza, kwenye kigogo kilicholainika kwa kukaliwa na wanaume wa ukoo ule. Mivukuto ilikuwa miwili, ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja na kijiti chake. Unainua wa kulia wakati unakandamiza wa kushoto. Kule ng'ambo ya kitambaa alisikia baba mkwe akikohoa, akipanga makaa, akinyunyiza unga, akilaza bati juu ya bati.

"Tia upepo," mzee akasema, na tangu siku aliyoolewa ndilo agizo la kwanza alilompa moja kwa moja.

Alitia upepo. Alivuta kwa nguvu zote za hatia yake. Moto ulinguruma, kaniki ikawa nyekundu kwa nyuma, na nje Ruthi, akiona mtu anapita njiani, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kuzima mngurumo ule.

"Mama Danieli, leo una furaha!" mpita njia akapaza sauti.

"Namshukuru Bwana!" Ruthi akajibu, akaanza ubeti wa pili.

Nyundo ilipiga muda mrefu. Kisha ikanyamaza. Koleta alisikia mabati yakitenganishwa, halafu sauti ya kitu kinachopukutika kama magamba.

"Imekuwaje, Baba?"

"Imechunika. Moto ulizidi."

Mara ya pili alivuta kidogo mno, na mabati yakatoka meusi ya kufifia, mfano wa chungu. Mara ya tatu upande mmoja ulichunika na upande mwingine ukafifia. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Malengelenge ya viganja vya Koleta yalipasuka; mchana Ruthi alimwita nyuma ya jiko, akayapaka mafuta ya kondoo bila kusema neno, kisha akayafunga kwa kitambaa alichokichana kwenye shuka yake mwenyewe.

"Danieli alilia siku ya kwanza," akamwambia hatimaye. "Alikuwa mkubwa, ndevu zimeota. Usimwambie nimekuambia."

Siku ya Ijumaa mikono ya Koleta haikuwa na nguvu tena za hatia wala za kitu kingine. Alivuta kwa uzito wa mwili tu, akiegemea huku, akiegemea kule, kama mwanamke anayebembeleza mtoto huku mwenyewe anasinzia. Moto haukunguruma. Ulipumua. Alijua hautoshi, akataka kuomba radhi, ajikaze.

"Hivyo hivyo," sauti ikasema ng'ambo ya kitambaa, kwa haraka. "Usiongeze. Usipunguze. Hivyo hivyo, mwanangu."

Basi akaendelea hivyo hivyo, asubuhi yote. Nyundo ilipiga, mabati yakahama vitanda, moto ukapumua, nyundo ikapiga tena. Mlio wenyewe ulibadilika. Mwanzoni ulikuwa wa vitu vingi vinavyogombana, sasa ulikuwa mmoja. Ruthi nje aliacha kuimba, maana hapakuwa na mngurumo wa kuficha.

Kisha kimya. Mabati yakatenganishwa moja baada ya jingine. Hakuna kilichopukutika.

"Baba?"

 Pembeni ya kaniki, koleo lilijitokeza, na kwenye koleo, bati. Mzee Eliufoo alikuwa amelipitisha upande wake kabla ya kulitoa nje kwenye mwanga, ili yeye alione kwanza. Mwali wa jua ulipenya kwenye tundu la paa, ukaangukia juu yake. Mzee aliligeuza kidogo. Kijivu. Buluu. Kijani cha mbali, kikapotea.

Koleta aliziba uso kwa mikono iliyofungwa matambara, akalia.

"Danieli angelichoma," mzee akasema ng'ambo. "Ana upepo wa kuyeyushia jembe. Na mimi ningemwambia aongeze. Hili limetaka upepo wako." Akalirudisha koleo kwake. "Wakiniuliza nani kalitengeneza, nitasema tulikuwa wawili."

"Baba, usiseme! Mzee Zebedayo atachukua nyundo."

"Nimekwisha sema."

*

Jumamosi waliteremka kabla jua halijawa kali, mzee mbele, Ruthi na Koleta nyuma na mabati mawili katikati yao ndani ya blanketi, lile la mfano na moja jipya. Nyundo ya ukoo ilikuwa begani mwa mzee, kwa kuwa Yahaya aliomba aje nayo kunyoosha kingo. Kwenye kibanda cha mashine Yahaya aliyapokea akiwa hana hata rangi usoni. Alifungua blanketi, akaanza na lile la mfano. Akalishika karibu na koti la boila lililobaki, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Pembe hii ina kijani kidogo zaidi," akasema.

"Ni kweli," mzee akasema.

"Lakini mtu hataiona mpaka aambiwe." Yahaya alianza kucheka, mabega yakitikisika, na hakuweza kuacha mpaka alipofunga skrubu ya mwisho. "Dada, nakuomba jambo moja. Usilikaribie na majivu."

Hata Ruthi alicheka.

Bwana Mkubwa alifika akitoka stesheni, kofia mkononi, vumbi la treni bado usoni. Pamoja naye, akitembea hatua mbili nyuma, alikuja Zebedayo. Alikuwa amesikia sokoni kwamba ukoo wake una kazi shambani, akaona si vizuri kazi ya ukoo ipokelewe bila mkuu wake. Alikuwa amevaa koti lake la siku kuu, na dengelua, pombe ya miwa, aliyokunywa jana ilikuwa imemwacha na macho mekundu, lakini alisimama wima.

Bwana Mkubwa alilizunguka boila. Alipapasa mabati moja moja, akapita lile jipya bila kusimama, akarudi, akainama, akalitazama sana.

"Hii ndiyo mpya?"

"Ndiyo, Bwana," Yahaya akasema.

"Mzuri. Mzuri sana. Kama ile ya zamani." Akageuka. "Nani natengeneza hii?"

Zebedayo ndiye aliyejibu. "Ni ndugu yangu huyu, Bwana. Eliufoo. Peke yake, kwa mivukuto ya babu zetu. Ukoo wetu ndio wenye kazi hiyo, milima yote hii."

"Mimi nataka ile ya upande wa pili yote. Na ya chini. Mzee anaweza?"

"Anaweza," Zebedayo akasema. "Hata mwezi mzima akitaka."

Koleta alikuwa amesimama nyuma ya Ruthi, mikono imefichwa ndani ya kanga. Moyoni alikuwa akisema kwa nguvu zake zote: nyamaza, Baba. Nyamaza. Kazi imeonekana, Yahaya amepona, msimu wa majembe uko mlangoni, hakuna anayehitaji kujua. Alimwona mzee akihamisha nyundo kutoka bega moja kwenda jingine. Kwa muda alidhani amesikilizwa.

"Si kweli, Bwana," mzee akasema. "Hakuna peke yangu hapo. Tulikuwa wawili. Mivukuto aliivuta mke wa mwanangu, yule pale."

Bwana Mkubwa alimtazama Koleta, akatabasamu, akasema "Mzuri, mama," kisha akaitwa na karani na kuondoka. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Zebedayo hakutabasamu. Alisubiri mpaka Mzungu akawa mbali.

"Umesema nini, Eliufoo?"

"Umesikia."

"Mwanamke? Ndani ya banda? Tena mkweo?"

"Palikuwa na pazia," Ruthi akasema.

"Mama Danieli, sikukuuliza wewe." Zebedayo alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alionekana hana raha na ukubwa wake. "Ungenyamaza, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nilikwisha kukujibia. Sasa umesema mbele ya watu, mbele ya fundi huyu. Nikufanyie nini? Wenzetu wakisikia nimejua nikaliacha..."

"Najua."

"Banda litalala mpaka wazee wakae. Unajua wazee wanavyokaa. Mvua zitakuja na kupita."

"Najua, Zebedayo."

Mzee Eliufoo aliishusha nyundo begani. Mpini wake ulikuwa umechimbika mahali pa vidole vyake. Aliufuta jasho kwa pindo la shati, akaitoa kwa mikono miwili, na Zebedayo akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka nayo akipitia nyuma ya kibanda, mahali pasipo na watu wengi.

 Yahaya alimshika mzee mkono, akaushikilia, kisha akarudi kwenye boila lake akajifanya anakagua skrubu.

Njia ya kupanda ilikuwa na jua. Ruthi alitangulia kwa hasira, akimsema Zebedayo na koti lake na dengelua yake, mpaka sauti yake ikapotelea kwenye kona. Koleta alibaki nyuma ya baba mkwe kama ilivyostahili. Alimwona kila baada ya muda akiinua mkono begani, akikuta hakuna cha kushikilia, akiushusha.

"Baba," akasema mwishowe. "Ungenyamaza tu. Mimi nisingekuwa na neno."

Mzee hakusimama wala kugeuka. 

"Ningenyamaza," akasema, "kila asubuhi ungeniletea uji. Sasa lile bakuli ningelipokea na uso gani?"

Walifika penye mawe ya mfereji, ambapo maji hufurika na kufanya utelezi. Koleta aliomba njia, akapita mbele, akaanza kumwonyesha jiwe la kukanyaga.